Anti, nimeambiwa niache mawazo

Haya wapenzi wasomaji, poleni na baridi. Huku Moshi mwezi huu wa saba mlima hatujauona wiki nzima, mawingu yamelala tu juu ya mji, mi nimejikunyata jikoni pembeni ya jiko la mkaa (mlango wazi jamani, moshi wa mkaa unaua) nasoma meseji zenu. Nilikuwa nimepanga tuongelee ndoa, ila nilivyozipitia nikakuta meseji 11 zina sentensi ileile, "nimeambiwa niache mawazo". Kasema daktari, kasema mume, kasema mchungaji, mmoja eti kaambiwa na muuza vocha. Mimi nimefanya unesi miaka 31 na nakiri hapa mbele yenu kwamba na mimi nilishawahi kumwambia mgonjwa hivyohivyo, tena nimesimama na faili mkononi naangalia saa nitoke zamu. Kwahiyo ndoa zitasubiri mwezi ujao.

*

"Shikamoo Anti. Mi nauza mitumba Kiboriloni, nina miaka 34 na watoto watatu. Mwezi wa nne nikiwa kwenye daladala asubuhi, moyo ulianza kwenda mbio ghafla, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa haishuki, jasho, nikajua ndo nakufa. Konda akanishusha wakanikimbiza hospitali, wakanipima presha, sukari, malaria, na ile ya moyo ya kubandikwa waya, kila kitu safi na laki na ishirini imeenda. Daktari akasema mama huna ugonjwa, acha mawazo. Toka hapo imenirudia mara tano. Sasa hivi daladala sipandi, natembea kwa miguu, na sokoni nikikuta watu wamejaa narudi nyumbani. Mume anasema naigiza. Jirani anasema nimechezewa kwasababu biashara ilikuwa imechanganya. Mawazo ninayo kweli, nina mkopo wa kausha damu wa laki sita, rejesho kila Jumatatu. Lakini asubuhi ile sikuwa hata nawaza mkopo, nilikuwa naangalia dirishani tu. Anti, ndo nachanganyikiwa au?"
Mama wa watatu, Moshi

Marahaba mwanangu. Mume wako mwambie Anti kasema hakuna mtu anayeweza kuigiza vidole kufa ganzi, ajaribu yeye tumuone.

Hicho kilichokupata kinaitwa shambulio la hofu, wengine wanasema paniki. Kila mmoja wetu ana king'ora ndani. Ukiwa unakata majani ya ng'ombe mgombani ukakanyaga kitu kikateleza, kabla hujajua ni nyoka au ni kamba, adrenalini imeshamwagika kwenye damu, moyo unakimbiza damu kwenye miguu, pumzi zinaongezeka, umesharuka hatua tatu nyuma ndo unaangalia ni nini. Hapo king'ora kimefanya kazi yake vizuri tu. Shida ni pale kinapolia ndani ya daladala ambako hakuna nyoka na hakuna pa kurukia, umebanwa kati ya dirisha na mama mwenye ndoo ya maparachichi, unabaki unahema haraka haraka, na mtu akihema hivyo anatoa hewa ya kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, ikishapungua kwenye damu ndo vidole vinakufa ganzi, midomo inachezacheza, kichwa kinakuwa chepesi. We ukiona ganzi unasema haya ndo hichi kifo, unaogopa zaidi, unahema zaidi, ganzi inaongezeka. Hofu inajilisha yenyewe. Kwa kawaida inapanda mpaka juu kabisa ndani ya dakika kama 10 hivi alafu inaanza kushuka, hata usipofanya chochote, kwasababu mwili hauwezi kukaa umewaka vile siku nzima.

Unauliza mbona sikuwa nawaza mkopo. Mwanangu, mkopo wa kila Jumatatu hauhitaji uuwaze. Mwili unahesabu wenyewe. Mtu ambaye wiki nne hajalala vizuri, anakula mara moja, akisikia pikipiki imesimama getini anashtuka, king'ora chake kimeshasogezwa karibu sana na moto, kitu kidogo tu kama joto la kwenye gari au kahawa kinakiwasha. Na kahawa nakuuliza kabisa, unakunywa ngapi? Na zile energy za kopo ambazo wafanyabiashara mnabebana nazo asubuhi mkifungua marobota? Kafeini inapandisha moyo na kwa mtu mwenye hali yako inaweza kabisa kuleta shambulio, na ukinywa saa kumi jioni, mpaka saa tatu au saa nne usiku kama nusu yake bado iko mwilini. Najua nasema hivi nikiwa kwenye mkoa ambao wengi wetu tumesomeshwa kwa kahawa iliyouzwa KNCU, ule ushirika wetu wa wakulima wa kahawa, wazee mnisamehe.

Sasa hilo la "acha mawazo". Mwaka 1987 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaweka wanafunzi chumbani wakawaambia kwa dakika 5 ongeeni chochote kinachowajia kichwani ila msimfikirie dubu mweupe, na ukimfikiria gonga kengele. Kengele ziligongwa, wastani zaidi ya mara moja kwa dakika. Alafu waliporuhusiwa sasa kumfikiria, walimfikiria kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Huku kwetu hatuna dubu, we jaribu na mbega, yule mwenye mkia mweupe wa manyoya kule msituni. Usimfikirie mbega mpaka umalize kusoma hii aya. Umeona? Mtu akikukataza kuwaza, sehemu moja ya akili yako lazima ikae mlinzi kuangalia kama hilo wazo limekuja, na huyo mlinzi ndo anayeliita. Yule daktari hakuwa na nia mbaya, ana foleni ya watu 60 nje, ila alikupa kazi isiyofanyika na we umerudi nyumbani unajilaumu umeshindwa kuifanya.

Tufanye inayofanyika. Ikianza, toa pumzi nje taratibu, ndefu kuliko unavyoingiza, kama unapuliza chai ya moto usiimwage. Usihangaike kuvuta nyingi ndani, nyingi ndo zinazokuletea ganzi. Alafu, na hili ni gumu ila ndo dawa yenyewe, usishuke kwenye gari. Kila ukishuka unapona pale pale, na mwili unajiandikia kwamba kilichoniokoa ni kushuka, kesho unaogopa zaidi. Ndo maana ilianza daladala ikaja watu kujaa, na usipoizuia mwakani itakuwa geti. Anza na kituo kimoja, saa nne asubuhi gari zikiwa tupu, na mtu unayemuamini, rudia mpaka kituo hicho kikuchoshe, ndo uongeze cha pili.

Nina dada mmoja nilipanda naye hivyohivyo gari ya Kiboriloni. Kakamata kile chuma cha siti ya mbele kwa mikono miwili, miguu inatetemeka mpaka mfuko wa nyanya ulioko sakafuni unacheza. Nikamwambia tusiongee habari za pumzi, tuhesabu maduka ya rangi ya bluu. Tulifika 9. Kituo cha tatu nikasikia anaanza kumfokea konda kwamba hajarudisha chenji ya mia mbili, nikajua mtu wangu karudi.

Hospitali rudi mara moja tena, waombe wakuangalie wingi wa damu na tezi ya shingoni, hivyo viwili vikiharibika vinaweza kupeleka moyo mbio na sijaona umevitaja. Kifua kikiuma ukipanda mlima au ukibeba mzigo usikae nyumbani, hilo ni jambo lingine. Ukiwa huko omba upelekwe kwa watu wa afya ya akili, KCMC wapo na Mawenzi uliza. Wanafundisha haya kwa vitendo wiki kwa wiki na kama kuna haja ya dawa watakupa ya kukufaa. Usinunue diazepamu, ile dawa ya kutuliza, duka la dawa kwasababu shoga yako alipewa, ile unaizoea haraka mno na kuiacha ni kazi.

Kuna kitu nimekisoma kwenye meseji yako mara tatu. Umeandika "nina mkopo". Hujaandika tuna. Kama baba watoto hajui, nadhani hapo ndo kuni za huo moto zilipo, maana unalipa rejesho na bado unalinda siri, kila simu ikilia unaiwahi. Mwambie Jumanne, siyo Jumapili usiku. Usichukue mkopo mwingine kulipa huu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako uulize vikundi vya ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile 4 wanawake 4 vijana 2 watu wenye ulemavu, haina riba, ina mlolongo lakini haina riba. Na anayekudai hakikisha ana leseni, tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 hii biashara siyo ya kila mwenye pikipiki na daftari.

Kuhusu kurogwa sitabishana na jirani yako. Nakuomba tu hela ya mganga uilipie rejesho.

*

"Dada habari za kazi. Kijana wangu wa miaka 20 karudi kutoka chuo, wiki ya tatu halali, anaongea peke yake, anasema redio ya jirani inamsema yeye, ameziba dirisha kwa magazeti. Baba yake anasema ni mawazo ya masomo yataisha, kamfungia chumba cha uani watu wasione. Wanamaombi wanakuja kila jioni. Nifanyeje?"
Mama, Marangu

Mama mwenzangu, hapa siandiki kirefu kwasababu nataka uwe umeshasimama. Hayo siyo mawazo ya masomo. Mtu akisikia sauti, akaamini redio inamsema, wiki tatu bila usingizi, huo ni ugonjwa wa akili wa kutibiwa na mara nyingi unaanza umri huohuo wa mwanao, kati ya utineja wa mwishoni na miaka ya ishirini. Uliza kwa upole kama kuna bangi, inaweza kuuchochea, ila usiiulize kama polisi. Mpeleke hospitali kesho asubuhi, hospitali yoyote kubwa iliyo karibu watamuona au watampa rufaa, siyo lazima ufikirie Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, watu wengi hawafiki huko kabisa. Kila wiki inayopita bila dawa, kurudi katika hali yake kunakuwa kazi zaidi.

Maombi yaendelee, hata mimi nitamuombea, yaendelee akiwa anameza dawa. Mlango ufunguliwe. Usimbishie kwamba redio haisemi na usimkubalie pia, mwambie naona unaogopa mwanangu, twende tukatafute usingizi. Hilo la usingizi huwa wanalikubali. Na mzee mwambie watu wa Marangu walishajua siku ya pili, anayefichwa ni nani sasa.

*

"Anti shikamoo. Mi guide wa mlima, nakaa Sakina, Arusha. Masika hii ilinimaliza, miezi miwili hamna trip, nimekopa, mke kaenda kwao na mtoto. Sasa msimu umefunguka na juzi nimepanda. Tulipofika Uhuru wageni wanalia kwa furaha, wananikumbatia, mi nimesimama pale sisikii kitu, kama naangalia TV imezimwa sauti. Nikawapiga picha nikashuka. Nyumbani silali bila nyagi, na nikinywa saa tisa usiku macho makavu mpaka kunakucha. Kuna siku naona bora ningelala tu nisiamke. Washkaji wakiniona naposti picha za kileleni wanajua mambo safi. Nikimwambia mtu anasema mwanaume hawazi hivyo, piga kazi."
Guide

Marahaba mwanangu. Naanza na ile sentensi ya bora nisiamke, na nakuuliza wazi kwasababu kuuliza hakumpandikizii mtu wazo: umeshafika mahali pa kufikiria kujidhuru, umefikiria namna? Kama ndiyo, gazeti liweke chini, mpigie mtu mmoja sasa hivi, kaka, shemeji, katekista, yeyote atakayekuja kukaa na wewe, na mwende wote hospitali ya mkoa Mount Meru dharura, usilale peke yako leo. Kama ni mawazo tu yanapita, bado mtu mmoja ajue leo na wiki hii uonwe. Simalizii hapo kwa haraka ila nataka hilo liwe la kwanza.

Kutosikia kitu pale juu, mita 5,895, mahali ambapo watu wanauza gari kwao waje waone, ndo kunaniambia hii siyo stresi ya hela peke yake. Watu wanadhani sonona, hiyo wanayoiita depresheni, ni kulia. Wengi niliowaona wodini walikuwa hawalii, walikuwa kama wewe, chakula hakina ladha, mtoto akicheka haimgusi, mziki ni kelele. Ikishapita wiki mbili karibu kila siku, pamoja na usingizi kuharibika na kujiona hufai, tunaiita kwa jina lake na inatibika, kwa maongezi na mtaalamu, kwa dawa, au vyote, ila dawa zinachukua wiki kadhaa kuonekana kwahiyo usiache siku ya tano ukasema hazifanyi kazi.

Hiyo nyagi nikueleze inachokufanyia. Pombe inakuzimisha haraka, sikatai, ila ini likishaisafisha, masaa machache baadae, ubongo unaruka juu kama kitu kilichokuwa kimekandamizwa, ndo hiyo saa tisa yako. Nusu ya pili ya usiku inakuwa vipande vipande. Kesho umechoka, hamu hamna, jioni unahitaji tena. Na pombe yenyewe inazidisha hiyo sonona. Ila sikiliza, kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka usiikate ghafla mwenyewe, unaweza kupata degedege, iache ukiwa chini ya daktari.

Mwanaume hawazi, piga kazi. We mgeni akifika kambi ya juu kichwa kinampasuka, anatapika, anatembea kama mlevi, unamwambia acha kichwa kuuma? Unamshusha. Hata kama kalipa dola elfu mbili na kalia machozi, unamshusha usiku huohuo na taa, na humuoni mjinga, unajua hewa ya kule imemzidi. Basi na wewe masika ilikuwa imekupandisha haraka mno, hela, mke, mtoto, vyote ndani ya miezi miwili.

Ile saa tisa usibaki kitandani unageuka. Mimi baada ya kustaafu mafao yangu yalichelewa, ofisi siitaji, kila ukienda unaambiwa faili liko kwa mtu ambaye yuko likizo, na nikawa naamka saa tisa kama nimewekewa alamu. Nikachukua daftari la mwanangu la kurasa 48 lililobaki nikaenda kukaa kwenye kigoda jikoni nikaandika kila kilichokuwa kinanizunguka, bila sentensi, nakumbuka ukurasa wa kwanza uliandikwa "Paa. Ada ya Form 2. Faili. Ng'ombe hashiki mimba. Yule dada wa ofisini." Mambo 9. Asubuhi nikayasoma kwenye mwanga na chai, mawili tu ndo yalikuwa ya kufanywa siku ile na moja lilikuwa ni hasira tu. Baadae nikaja kusoma kwamba James Pennebaker na mwenzake walichapisha jambo la namna hii mwaka 1986, wanafunzi waliandika kuhusu yaliyowaumiza dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Mwanzoni walitoka wamenuna kuliko walivyoingia, lakini miezi iliyofuata walienda kwa daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Siyo muujiza, siyo badala ya hospitali. Ila wazo likishakaa kwenye karatasi halihitaji we ulishike usiku kucha usilisahau. Ukiandika, ukisikia usingizi ndo urudi kitandani. Na saa ya kuamka iwe ileile hata siku isiyo na trip.

Picha zako endelea kuposti, ni kazi. Ila mmoja wa hao washkaji, yule ambaye siku ya shida alikuja bila kuitwa, mwambie ukweli.

*

"Nesi, nasoma hii safu yako lakini sikubaliani. Sisi tumekulia Kibosho, tumelala njaa, tumechapwa, tumetembea peku kwenye baridi, hatukujua hiyo depresheni. Haya ni magonjwa ya simu. Mawazo yanaleta vidonda vya tumbo, hilo najua, basi."
Mzee wa Kibosho

Shikamoo mzee wangu. Nianze na hilo unalolijua. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliona bakteria kwenye matumbo ya wagonjwa, watu wakawacheka wakisema tumbo lina asidi kali hakuna mdudu anaishi humo. Marshall mwaka 1984 akachukua kikombe cha hao bakteria akanywa mwenyewe. Siku chache baadae anatapika, tumbo limevimba ndani, kipimo kikaonyesha. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Nobel. Kwahiyo vidonda vingi vya tumbo ni huyo mdudu, Helicobacter pylori, na vingine ni dawa za maumivu, hizi diklofenaki ambazo wazee mnameza kwa magoti kama karanga. Mawazo yanaweza kuongeza maumivu na kuchokoza tumbo, ila ukiachiwa ushauri wa kuacha mawazo bila kupimwa mdudu utaumwa mpaka mwisho. Nenda kapime mzee.

La pili. Mirembe ilifunguliwa 1927. Waliokuwa wanapelekwa kule hawakuwa na simu. Na neno sonona sikulitunga mimi, Kiswahili kilikuwa nalo kabla sijazaliwa, na "moyo mzito", na "roho inaniuma", na "mtu kajifungia". Kila kijiji kilikuwa na yule baba aliyekuwa anakaa kwenye jiwe mchana kutwa na watoto tunaambiwa mpite mbali. Nyie mlimuona, hamkumpa jina la hospitali tu.

Ila kuna mahali nakubaliana na wewe, na kubwa. Nyie mlikuwa na kitu. Jioni wanaume mnakaa, kata ya mbege inazunguka, mtu anatema ya moyoni na hakuna anayemwambia acha mawazo, mnamsikiliza mpaka mbege iishe. (Mbege sasa, nimetoka kumkataza kijana pombe juu hapo, najua.) Msibani watu walilala matangani siku na siku. Sasa hivi tunazika saa nane, saa kumi na moja viti vya kukodi vimeshapakiwa kwenye Canter.

Zimbabwe walilichukua hilohilo wakalifanya tiba. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 hakuwa na hela wala wataalamu, akapewa mabibi 14 wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na mgonjwa mmoja mmoja. Kishona wana neno kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, na mabibi walilitumia hilo badala ya neno la kizungu. Bibi anasikiliza kwanza yote, alafu anamuuliza, katika haya yote tuanze na lipi, wanachagua moja na kulipangia hatua. Ulipofanyika utafiti mkubwa, ukachapishwa 2016, baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi, mzee wangu, siyo maprofesa.

Benchi unalo hapo chini ya mparachichi, najua maana kila nyumba ya Kibosho inalo. Wajukuu wakija likizo uwaite mmoja mmoja.

*

"Anti, mi mwalimu, Njiro. Nina grupu tano za michango ya harusi na sendoff kwenye WhatsApp, moja ya binamu wa mume ambaye sijawahi kumuona. Kila siku wanaorodhesha majina ya waliotoa na mimi jina langu liko na sifuri. Simu ikitoa mlio tu tumbo linanikata. Nikijitoa watasema najiona."
Ticha

Mdogo wangu, tumbo lako lina akili. Jina lako na sifuri mbele ya watu 140 ni aibu ya hadharani na mwili hautofautishi sana aibu na hatari. Wala huhitaji kliniki, unahitaji bajeti. Kaa na mume, pangeni kiasi kimoja cha michango kwa mwaka mzima, kigaweni, binamu asiyejulikana apate kidogo chake au asipate. Alafu usinyamaze, ukinyamaza mweka hazina anaona bado una deni na ndo anazidi kukuandama. Nimekuandikia, nakili tu:

"Habari zenu ndugu zangu, hongereni kwa maandalizi. Sisi familia yetu tutatoa elfu thelathini, itafika tarehe 28 mshahara ukitoka. Zaidi ya hapo hatutaweza safari hii. Tunawatakia kila la heri."

Ukishaituma zima data mpaka asubuhi.